Ulezi wa Wanagenzi Kazini

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Holili)



Twawashukuru kwa kutupa nafasi ya kusema nanyi jioni ya leo, hali wengi wenu mmekuwa zamuni tangu alfajiri na macho yamechoka kwa kusoma hati za magari. Jambo tulilolileta mbele yenu ni moja, nalo ni hili: mtu mpya akiingia katika ofisi zetu, nani humpokea? Nani humfundisha? Na huyo amfundishaye, je, ajua kwamba anafundisha, au mwanagenzi huachwa aokote maarifa kama kuku aokotavyo mtama uliomwagika njiani?

Twauliza kwa sababu yuko mzee mmoja kati yetu, ambaye hatutamtaja jina maana yeye mwenyewe hapendi kutajwa, ambaye mwaka huu atatimiza miaka 60. Kama mjuavyo, mtumishi wa Serikali aweza kuomba kustaafu akiwa na miaka 55, na akifika 60 hapana budi aondoke. Siku hiyo atakabidhi ufunguo wa kabati, mhuri na daftari, naye atatiwa sahihi kwamba vyote vimepokewa kamili. Lakini yale yaliyomo kichwani mwake hayamo katika orodha ya makabidhiano. Mzee yule aweza kuishika hati ya mzigo, akaisoma mara moja, akasema, "Hapa pana neno," kabla hata hajajua ni neno gani. Kisha akitafuta hulipata. Tumemwona akimtuliza dereva aliyekuwa akipiga kelele kwa hasira, kwa kumwuliza tu ametoka wapi na amekula nini. Mambo hayo hayakuandikwa katika sheria ya forodha wala katika kanuni za utumishi. Akiondoka nayo, yamekwenda.

Watu wa siku hizi huliita jambo tunalolisema kwa jina la Kizungu, ambalo asili yake ni hadithi ya kale ya Wayunani: mfalme aliposafiri kwenda vitani alimwacha mwanawe chini ya uangalizi wa rafiki yake aliyeitwa Mentor. Sisi hatuna haja ya kukopa jina. Pwani wako kungwi na somo, ambao humfunda mwari mambo ya utu uzima. Katika kazi za mikono wako fundi na mwanagenzi wake, naye mwanagenzi hushika msumeno wa fundi siku nyingi kabla ya kununua wake. Kwa hiyo sisi twasema ulezi wa kazi, na anayelelewa twamwita mwanagenzi, hata kama ana shahada ya Chuo Kikuu. Kama neno hilo lamwudhi kijana aliyehitimu juzi, tunamwomba radhi. Lakini atakapokuwa ameshika mhuri miaka 10 atatuelewa.

Tena si jambo geni katika mlima huu wetu. Wazee wa Kichagga walikuwa na mafundisho marefu waliyowapa vijana walipokuwa wakiingizwa katika utu uzima. Mwalimu alishika fimbo iliyochongwa alama, iitwayo mregho, na kila alama ilikuwa na somo lake. Alikwenda alama kwa alama, kijana akisikiliza, wala hapakuwa na njia ya kuruka. Mchungaji Bruno Gutmann, aliyekaa Moshi miaka mingi, aliyakusanya mafundisho hayo katika vitabu vitatu vilivyotolewa kati ya mwaka 1932 na 1938. Tunavutiwa na jambo moja katika habari hiyo. Fimbo yenyewe haikuwa na maandishi hata neno moja. Mtu aliyeiokota njiani asingeisoma. Alama zilikuwa zamkumbusha tu mwalimu yale aliyonayo moyoni, na bila mwalimu ile fimbo ni kuni. Nasi twajiuliza kama faili zetu nyingi si mregho wa namna hiyo hiyo.

Na mifongo ya maji je? Ninyi mliozaliwa juu, Marangu, Kilema, Mwika au Rombo, mwajua jinsi mfongo unavyotolewa mtoni mbali sana, ukafuata ubavu wa mlima, ukavuka makorongo, mpaka maji yakafika migombani. Hapana aliyeuchora katika karatasi. Mzee wa mfongo hutoka na vijana siku ya kusafisha, naye huwaonyesha mahali maji yanapopenda kuvunja ukingo, na mahali pa kuweka jiwe, na zamu ya kila nyumba. Asiyekuja hutozwa. Hivyo kijana hujifunza mambo matatu kwa pamoja: kazi ya mikono, haki ya jirani, na adhabu ya uvivu. Twaogopa kwamba katika ofisi zetu twamfundisha la kwanza peke yake, tena nusu.

Sasa tuje hapa Holili. Kila mmoja wenu aijua njia hii itokayo Moshi, ikapita Himo, ikafika kwetu, kisha ikaingia Taveta na kushuka mpaka Voi. Lakini wako wanachama vijana wasiojua ni mara ngapi kazi ya mpaka huu imebadilika. Mstari wenyewe ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, nao ukauzunguka mlima. Mwaka 1914 vita vilipoanza Wajerumani waliichukua Taveta, na mwaka 1916 majeshi yalipigana Salaita, Latema na Reata, vilima ambavyo madereva wetu huvipita kila siku pasipo kuvitazama. Baadaye nchi zote mbili zikawa chini ya Waingereza. Mwaka 1967 ikaundwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, nayo ikavunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mpaka mwaka 1983. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi Arusha mwaka 1999; umoja wa forodha ukaanza kufanya kazi mwaka 2005; na kituo hiki cha pamoja kikafunguliwa rasmi mwaka 2016.

Fikirini habari ya ile miaka 6 ya kufungwa. Karani wa mpakani aliyepelekwa kazi nyingine mwaka 1977 alikuwa na ujuzi mkononi. Mwaka 1983 lango lilipofunguliwa tena, sheria zilikuwapo kabatini, na mihuri haikosi ilikuwapo; lakini mkono uliozoea ulikuwa mahali pengine, au ulikwisha pumzika. Ujuzi wa kazi haukai kabatini ukimngoja mtu. Hukaa kwa watu, na watu wakitawanyika nao hutawanyika.

Tena tazameni kazi ilivyo leo. Gari litokalo Kenya halimalizi shughuli zake Taveta. Laja moja kwa moja Holili, na hapa hukaguliwa na maofisa wa nchi mbili chini ya dari moja. Gari liendalo Kenya hufanyiwa hivyo hivyo upande wa Taveta. Maana yake ni kwamba baadhi yenu hufanya kazi ya Tanzania mkiwa mmeketi katika ardhi ya Kenya, na wenzetu wa Kenya hufanya kazi yao wakiwa wageni wetu. Meza ni jirani, mitambo ya kompyuta ni mbali mbali, sheria za mishahara na likizo ni mbali mbali, na bendera ni mbali mbali. Nani amfundishe kijana wa miaka 24 jinsi ya kumkatalia jambo jirani yake wa meza ya pili bila ya kuvunja urafiki, wakati kesho yake atamhitaji? Hakuna somo hilo chuoni. Lafundishwa hapa, na mtu aliyekwisha kosea.

Nasi tulikosea. Zamani tulipokuwa wageni katika utumishi, tuliwekwa katika ofisi moja, mbali na hapa, chini ya karani mkubwa aliyekuwa hodari kupita wote tuliowahi kuwaona. Hodari huyo alikuwa na desturi moja. Kila tulipomkaribia mezani alilifunga daftari lake. Tukimwuliza, alijibu, "Utajua tu." Hatukujua. Siku moja alikuwa likizoni, likaja gari lenye shehena ya bidhaa mchanganyiko, nasi tukaziweka zote katika fungu moja la ushuru, kwa sababu katika hati lilikuwa limetangulia jina moja. Kama mjuavyo, ushuru wa pamoja wa Jumuiya ulianza na madaraja matatu: bure kwa mali ghafi, asilimia 10 kwa vitu vilivyotengenezwa nusu, na asilimia 25 kwa vitu vilivyokamilika, na tangu mwaka 2022 limeongezwa daraja la asilimia 35. Mtu akiteleza neno moja, mali ya mwenziwe yapanda daraja au yashuka. Gari lile lilikaa siku nne. Mwenye mali, ambaye hakuwa na kosa lo lote, alilala chini ya gari lake usiku wote huo. Tulipolaumiwa tulistahili kulaumiwa, maana sahihi ilikuwa yetu. Lakini hata leo tukilikumbuka lile daftari lililofungwa, roho yatuuma zaidi ya kuikumbuka ile lawama.

Yule mzee hakuwa mtu mbaya. Tulikuja kumfahamu baadaye. Alikuwa akiogopa. Alidhani kwamba ujuzi wake ndio kiti chake, na akiugawa atabaki hana pa kukaa. Hofu hiyo iko kwetu pia. Hapana haja ya kuificha. Kijana amekuja na shahada, anajua kompyuta, kesho atakuwa mkubwa wangu, nami ndiye nimpe silaha? Twajibu kwamba cheo hakipandishwi kwa kufunga daftari. Mtu ambaye ofisi haiwezi kufanya kazi bila yeye ndiye mtu asiyeruhusiwa kwenda likizo, ndiye asiyepelekwa masomoni, na wala hapandishwi, maana nani atashika mahali pake? Tumeyaona hayo kwa macho yetu: karani hodari aliyebaki dawati lile lile miaka 17 kwa sababu kila mkubwa aliyekuja alisema, "Huyu asiondolewe."

Tena mlezi naye hufaidi. Mwanagenzi akiuliza, "Kwa nini twafanya hivi?" mara nyingi mzee hugundua kwamba hajui kwa nini, amefanya kwa kuwa alikuta inafanywa. Basi hulazimika kufungua kanuni na kusoma, na huenda akakuta desturi ile ilikwisha ondolewa zamani. Na ule mtambo wa kompyuta ulipoletwa, twawaomba mseme kweli, ni nani aliyewafundisha nani? Wazee walikuwa wakishika kipanya kama mtu aliyeshika panya wa kweli. Vijana waliwasaidia kwa staha, bila kucheka, au wakicheka nje. Ndiyo sababu hatusemi kwamba ulezi ni maji yatelemkayo upande mmoja tu.

Sasa tuna neno zito, nalo twaomba mlisikilize kwa uvumilivu. Mwanagenzi hakosi mlezi kamwe. Kama sisi hatukumlea, atalelewa na mwingine. Katika mpaka kama huu walezi wa namna hiyo ni wengi, nao hufanya bidii kutupita. Siku ya kwanza kijana huona karani mwenziwe akipewa kitu kilichokunjwa katika hati. Hakuna aliyemwambia neno. Siku ya pili aambiwa, "Hii ni ya chai, sote hunywa chai." Siku ya tatu fungu lake lawekwa katika mtoto wa meza bila yeye kuomba, na kama akikataa, huonekana ana kiburi, au ametumwa kuwapeleleza wenziwe. Ulezi huo ni kamili: una mwalimu, una somo, una mazoezi, na mwisho wake ni Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, mahakama, na jela. Na yule aliyesema "sote hunywa chai" hatakuwapo kizimbani.

Kijana huyo akiwa na mtu mmoja tu wa heshima wa kumwendea siku ya pili, mtu ambaye yeye mwenyewe ameishi miaka 20 hapa bila kuchafuka, ataweza kumwuliza: "Mzee, nifanyeje? Nikikataa watanichukia." Naye mzee atamwambia jinsi yeye alivyokataa, maneno aliyoyatumia, nani alinuna na kwa muda gani, na kwamba hakufa. Hotuba ya mkubwa na tangazo la ukutani hayamfikii hapo. Twajua kwamba katika kikao hiki wako watakaojisikia vibaya kwa maneno haya. Hatuna nia ya kumwonyesha mtu kidole. Lakini asiyeweza kumjibu mwanagenzi swali hilo asijiandikishe kuwa mlezi.

Chama cha watumishi kinahusikaje? Wengine husema kwamba kufundisha wapya ni kazi ya Serikali. Ni kweli, nayo Serikali haikulala. Kuna mafunzo elekezi. Kuna Chuo cha Utumishi wa Umma kilichoanzishwa mwaka 2000. Kuna muda wa majaribio, ambao kwa kawaida ni miezi 12 kabla mtu hajathibitishwa kazini. Lakini mafunzo elekezi ni ya siku chache, na miezi 12 ni mirefu. Katikati ya siku zile na miezi ile pana nafasi kubwa tupu, na mtu huanguka hapo.

Tena vyama vya makarani vilianza kwa kazi hiyo hiyo ya kuinuana. Mwezi wa Machi mwaka 1922, huko Tanga, Martin Kayamba na wenziwe walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika. Walikuwa Waislamu na Wakristo, watu wa makabila mbali mbali, waliokutanishwa na kalamu. Kayamba mwenyewe alikuwa mtoto wa mwalimu, aliyesoma Kiungani, Unguja, akawa karani mkuu wa ofisi ya wilaya Tanga. Na mwaka 1931 alikuwa miongoni mwa Waafrika waliokwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya shauri la kuunganisha nchi za Afrika Mashariki. Habari za maisha yake zimo katika kitabu kilichohaririwa na Bibi Margery Perham mwaka 1936. Hatuwaambii kwamba alikuwa mtu asiye na kasoro. Wako waliomwona mpole mno mbele ya watawala. Lakini katika siku ambazo Mwafrika alihesabiwa kuwa hafai kushika hesabu, karani mmoja aliyeshindwa aliwapa wakubwa sababu ya kuwakataa wote. Walijua kwamba kosa la mmoja laandikwa juu ya wengi, kwa hiyo hawakuweza kumwacha mwenzao ajikwae.

Miaka iliyofuata chama cha watumishi kiliitwa TAGSA, nacho kiliongozwa na Rashidi Kawawa, naye mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, na mwaka 1962 Waziri Mkuu wa Tanganyika. Mtu hujifunza kuendesha mkutano, kuandika kumbukumbu na kushindwa kwa kura pasipo kugombana, katika chama kidogo kama hiki chetu. Tafadhali vijana msidharau kazi ya kuandika kumbukumbu. (Katibu wetu alituomba tuyaseme haya, kwa kuwa mara tatu ametafuta msaidizi na hakumpata.)

Na hapa hapa Kilimanjaro mfano mwingine ni wa kahawa. Miche ya kwanza ilipandwa misheni, Kilema, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na kutoka hapo kahawa ikaingia katika vihamba. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA, Joseph Merinyo akiwa Rais, wapate kuilinda kahawa yao na magonjwa na kuiuza pamoja. Na mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na KNCU. Mti wa kahawa hauwezi kupogolewa kwa tangazo. Yapasa mtu asimame shambani, akuonyeshe tawi hili, si lile, kisha akupe mkasi na kukutazama ukikata. Mjini Moshi kikaanzishwa Chuo cha Ushirika mwaka 1963, ambacho tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu. Lakini shina la chuo hicho ni jirani aliyemwonyesha jirani.

Basi, faida ya ulezi haikomi mlangoni mwa ofisi. Watazameni akina mama wavukao na ndizi, maharagwe, vitunguu na nyanya. Katika kanuni za Jumuiya iko njia nyepesi kwa wafanya biashara wadogo: mtu mwenye bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, zisizozidi thamani ya dola 2000 za Marekani, aweza kupata hapa mpakani hati rahisi ya kuonyesha kwamba bidhaa ni za nchi za Jumuiya, nazo hazitozwi ushuru wa forodha. Jambo hilo si siri. Lakini mama aliyeuliza mara moja akajibiwa kwa ukali, hatauliza mara ya pili; atachukua njia ya panya usiku, kichwani mzigo, mgongoni mtoto, akihatarisha mali yake na heshima yake kwa kukimbia kodi ambayo haikuwapo.

Karani aliyelelewa vizuri humketisha mama mmoja, akamjazia hati polepole huku akimweleza kila mstari. Juma lijalo mama yule huja na wenziwe wawili, naye ndiye awaelezaye. Tumemsikia mama mmoja hapa dirishani akimwambia mwenziwe, "Dada, usiogope, sema tu unachouza na umelima wapi." Alisema kwa sauti ya yule yule karani aliyemfundisha, hata kituo cha maneno kilikuwa kile kile. Karani mwenyewe hakuwa na habari; alikuwa ameinama akipiga mhuri.

Tuingie katika shauri lenyewe, maana jua linakuchwa. Twaomba tawi letu likubali kwamba kila mtumishi mpya atakayefika Holili, awe wa forodha, uhamiaji, afya ya mimea, viwango au idara nyingine yo yote, apewe mlezi mmoja miongoni mwa wanachama kwa ile miezi 12 ya majaribio. Mlezi asiwe mkubwa wake wa kazi, yaani asiwe yule atakayeandika ripoti yake, kwa maana mtu hamwungamii hakimu makosa yake kabla ya hukumu. Wakutane nusu saa kwa juma. Mwanagenzi awe na daftari lake la maswali, nalo ni mali yake, lisisomwe na mtu mwingine. Mlezi asimfanyie kazi zake, wala asimtume dukani. Twalitaja la dukani kwa sababu tunawafahamu.

Kwa habari ya mabinti waingiao kazini, yafaa waulizwe wao wenyewe kama wapenda mlezi mwanamke au mwanamume, na maongezi yafanyike mahali pa wazi, mchana. Mabibi wanachama walitushauri hivyo kabla ya kikao, nasi twaona wamesema sawa. Waliongeza neno ambalo sisi hatukulifikiri: kwamba binti mgeni hapa kwanza ahitaji kuambiwa nyumba gani ni salama kupanga, na gari gani la kurudi nalo Himo baada ya zamu ya usiku. Hilo nalo liwe somo, tena la kwanza.

Mtauliza, kama mlezi na mwanagenzi hawapatani? Waachane kwa amani, Katibu awape wengine, wala asiulizwe mtu sababu. Na kama zamu hazilingani? Watumie simu. Na malipo? Hakuna. Hapa twajua baadhi yenu mtainama. Hatuwezi kuwaahidi posho ambayo chama hakina. Tunachoweza ni kuomba kwamba katika barua ya kumwaga mstaafu, ambayo kwa kawaida hutaja miaka aliyofanya kazi na vituo alivyopita, yatajwe pia majina ya wale aliowalea, kama wenyewe wameridhia.

Yule mzee tuliyeanza naye amekubali kuwa wa kwanza. Amebakiwa na miezi 7, naye amesema yuko tayari kuchukua wanagenzi wawili kwa wakati mmoja, ila wasije saa ya chakula. Vijana watatu wamefika kituoni mwezi huu, na mmoja wao bado hajapata hata meza. Karatasi ya majina iko kwa Katibu, safu ya kushoto ni ya walezi na ya kulia ni ya wanagenzi. Tulipoiona kabla ya kuingia humu, upande wa kulia ulikuwa na majina matatu na upande wa kushoto jina moja. Kalamu imefungwa kwa uzi pembeni ya meza, isipotee.